Kura ya Mguu

Mimi ni msusi, na kazi yangu imenifundisha kuvumilia mengi. Nimeshika vichwa vyenye mba wa kudondoka mapajani kama unga, nimefumua misuko iliyosahauliwa kichwani mpaka ikanuka tambara bovu, na sijawahi kumkunjia mteja uso. Kwa hiyo nikisema wenzangu wanne walinitia kinyaa, naomba nieleweke. Sisemi waliniudhi. Maudhi yanapita, mtu analala, anaamka amesahau. Nasema kinyaa, kile ambacho hata mate yanagoma kushuka kooni.

Tulikuwa kundi la safari. Kila mwaka shule zikifungwa, nasi tulifunga shughuli zetu siku chache tukaenda mahali kupumua. Alikuwapo Mwalimu, anayefundisha darasa la kwanza na ana sauti ya kujaza uwanja. Alikuwapo Nesi wa zahanati ya mtaa wetu. Alikuwapo Keki, anayeoka keki za harusi na ndiye mwenye gari la kuzisambazia, ambalo likitolewa rafu ndilo linakuwa gari letu. Na alikuwapo Mjane, ambaye ameshaolewa tena na ana mume mnene mwenye afya yake, ila jina lilikataa kumtoka. Vikao vyote vilifanyika saluni kwangu, kwa sababu nina viti.

Huyo Mjane ndiye aliyeanzisha mambo bila kukusudia. Mwaka aliofiwa alikuwa hali wala halali, tukamwambia achague mahali popote duniani ambapo gari la keki linafika, nasi tutampeleka. Alichagua ziwa. Tukakaa naye ufukoni, akalia mpaka akaanza kucheka, na njia nzima ya kurudi alituimbia. Ile safari siijutii hata kidogo. Kosa letu lilikuwa kuigeuza sheria. Tulikubaliana kwamba kila mwaka kabla ya kuondoka, kila mtu asimulie jinsi mwaka ulivyomtenda, kisha tupige kura kwa kuinua mikono. Yule ambaye mwaka umemchapa kuliko wote ndiye anapewa usukani: anachagua mahali, analala chumba kizuri, na hashiki sufuria wala ufagio mpaka turudi.

Mwanzoni ulikuwa upendo. Baadaye yakawa mashindano, na watu wakaanza kutunza shida zao. Nikiwa namsuka Nesi, aliniinamia sikioni akanieleza kwamba ameibiwa simu, halafu akanikanya nisimwambie mtu kwa sababu anaiwekea kikao. Alisema kwa furaha, utadhani ameokota simu badala ya kuibiwa. Keki alimchoka mchumba wake mapema, lakini alimvumilia mpaka kikao kikaribie ndipo akamwacha, ili machozi yawe bado mabichi. Mjane akikosa jipya, alimfufua marehemu. Bingwa wao wote alikuwa Mwalimu. Mwaka mmoja alishinda kwa bomba la jikoni kupasuka. Alivyolisimulia, ungefikiri nyumba imezama na watoto wameokolewa juu ya paa.

Mimi sikuwahi kushinda. Nilikuwa nasema mwaka wangu umepita salama, nashukuru, nao wananitazama kama mtu asiyejua kujitafutia.

Mwaka ninaousimulia, kikao kilianza kama kawaida. Keki alileta keki iliyokataliwa na bwana harusi mmoja, tukaila huku tukisikiliza. Mjane akatangulia na paa linalovuja, kidogo kidogo akateleza hadi kwa marehemu, watu wakaanza kutazama kucha zao. Keki akaeleza jiko lake lilivyoungua. Nesi akaitoa simu yake iliyoibwa, akaitia chumvi mpaka mwizi akawa na panga. Mwalimu alikuwa hajafika, na wote tulijua kwamba bila yeye hakuna kilichoamuliwa.

Aliingia amemshika mkono mama mkwe wake. Tulikuwa tunamsikia tu yule mama: ni mzazi wa mume wake, ana kisukari, na amehamia kwao ili aangaliwe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na ile adabu ya mtu anayeishi katika nyumba isiyo yake. Alitusalimia mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kutuingilia. Mwalimu akamkalisha kwenye kiti changu cha kusukia, kile kinachozunguka, akakizungusha ili mama atutazame. Halafu akaanza.

Sauti ilipanda, ikashuka, ikakatika palipohitajika. Alieleza mashuka ya kufua, dawa za kutafuta, mume ambaye kila wakati yuko safari ya kikazi. Sikatai kwamba alikuwa amechoka. Uso wake ulionyesha. Lakini alipomwona Nesi anachezea simu yake mpya, akahisi darasa linamponyoka. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akampandisha gauni hadi gotini, akaanza kufungua bandeji.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa na utamu kidogo ndani yake, na ni ule utamu ulionichafua roho. Keki alisukuma sahani yake pembeni. Kidonda kilikuwa juu ya kifundo cha mguu, kipana kama mdomo wa kikombe, kingo zake zimelegea na kuwa nyeupe, na katikati mna rangi ambazo hazitakiwi kuonekana kwenye mwili wa mtu. Mwalimu alituonyesha kwa kidole bila kugusa, kama anavyoonyesha picha ubaoni: hapa palianza, hapa pamepanuka, hapa panatoa maji. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa ameshika pindo la gauni lake kwa mikono miwili, macho yake yako ukutani kwenye picha za mitindo ya nywele, na alikuwa anasema polepole.

"Samahanini. Samahanini sana, wanangu."

Mwalimu akafunga hoja yake. Kuna mahali pana chemchemi ya maji moto, na pana hoteli pembeni yake, na watu wenye vidonda huenda wakaloweka miguu wakapona. Yeye hajitakii chochote. Anataka tu mama huyu akaloweke mguu, apate nafuu. Mikono yote ikapanda. Wangu pia ulipanda, tena kwa haraka, kwa sababu nilitaka ile bandeji irudishwe mahali pake na yule mama ashushe gauni lake.

Siku ya kuamkia safari, mama alikuja saluni peke yake, anachechemea, anashika ukuta. Alitaka nimsuke nywele za safari, misuko midogo isiyomwumiza akiegemeza kichwa garini. Nilimsuka bure, naye akanisimulia mambo yake. Alisema amesafiri mara nyingi maishani, lakini safari zake zote zilikuwa za msiba au za hospitali. Hajawahi kupanda gari akijua kwamba huko anakokwenda anakwenda kufurahi tu. Aliniuliza kama majini watu huingia na nguo au bila nguo, kama kuna mahali pa kujishikia, kama watu wengine watakereka na kidonda. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakaa naye mimi. Akanipa namba yake ya simu, kisimu kidogo cha vitufe, ili kesho tukikaribia nimpigie atoke nje asitucheleweshe.

Kesho yake gari lilianzia kwa Keki, likampitia Mjane, likampitia Nesi, likanipitia mimi, na mwisho likaenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimeshatoa simu nimpigie mama. Lakini Mwalimu hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa anatungoja barabarani, mbali na geti, kwenye kona ya duka, na begi lake mkononi. Aliingia akafunga mlango. Nilipomuuliza mama yuko wapi, alisema mume wake atamleta siku ya pili kwa gari dogo, ili anyooshe mguu vizuri, kwa sababu humu tutambana.

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Nitasema ukweli: wote mle garini tulivuta pumzi. Tulikuwa tumejiandaa kusafiri na ile harufu, na sasa haipo, tukafungua soda, tukawasha muziki. Hata mimi niliirudisha simu mkobani na kuona ni sawa. Ndivyo kinyaa kinavyoanza, kinaanza na nafuu ya namna hiyo.

Hoteli ilikuwa ya vyumba vidogo vilivyozunguka bwawa. Maji ya chemchemi yaliingizwa bwawani kwa bomba nene, yakifuka moshi na kunuka yai bovu. Mapokezi wanakwambia ile harufu ni dawa. Juu ya maji palikuwa na utando wa mafuta ya watu, na kwenye kona upepo ulikuwa umekusanya nywele, jani, na plasta ya mtu iliyokuwa inaelea, upande wa pamba ukiwa juu. Mimi niliingiza mguu mmoja nikautoa. Wenzangu waliingia mpaka shingoni.

Mwalimu, kwa kuwa ndiye mwenye usukani, alipewa chumba chenye kitanda kikubwa, na taulo zake zilibebwa na Mjane. Alilala juu ya maji, macho ameyafumba, tumbo limetokeza, na kila baada ya muda alitoa mlio wa mtu anayekunwa mgongo. Aliagiza nyama, akaila bwawani, vidole vyake akavisuuza humo humo. Walipiga picha. Walimwambia amepata haki yake, ameteseka sana mwaka huu, na yeye akakubali kwa kichwa kwamba ndiyo, ameteseka.

Siku ya pili nilikaa nikilitazama geti la hoteli. Asubuhi ikaisha. Mchana ukaingia, wakaanza kutandika meza kando ya bwawa. Nikamuuliza Mwalimu mumewe amefika wapi, akanijibu bila kufumbua macho kwamba barabara ni mbaya. Nikaondoka nikasimama nyuma ya jiko la hoteli, nikampigia mama.

Alipokea haraka, kama mtu aliyeishika simu mkononi.

"Mwanangu, gari limepona?"

Sikuelewa. Nikamuuliza gari gani. Akaniambia gari letu, lililoharibika. Mkwe wake alimwambia gari la keki limekufa, liko gereji, na yeye inabidi akalale kwa wenzake ili waisukume kazi ya fundi, ila likipona tu watampitia, akae tayari. Kwa hiyo yuko tayari. Jirani anamletea chakula. Mwanawe yuko kazini mbali na hajui lolote, wala yeye hakutaka kumsumbua. Nikamuuliza mguu unaendeleaje.

"Unauma. Bandeji sijaifungua tangu mlipoondoka... yaani, tangu gari lilipoharibika. Si mlisema itafunguliwa huko huko majini?"

Nilimwambia aifungue sasa hivi, amwite jirani, aende hospitali. Akasema, kwa ile adabu yake, kwamba angependa kungoja kidogo, asije akaenda hospitali halafu gari likaja likamkosa.

Nilirudi kwenye meza. Walikuwa wanakula, Mwalimu amejifunga taulo kichwani, kidevu kinang'aa mafuta. Niliwaeleza yote kama nilivyoyasikia, bila kuongeza neno. Nilitegemea walau aone haya. Mwalimu alifuta mdomo, akatutazama kwa zamu, akasema kwa uso mkavu kwamba na sisi tuwe wakweli, nani kati yetu alitaka kusafiri njia nzima na harufu ile? Nani alitaka kuingia maji haya baada ya mguu ule kuingia? Yeye amelibeba peke yake mwaka mzima, na sasa anapumzika, na kupumzika kwenyewe tulimpa sisi kwa mikono yetu.

Nikamgeukia Nesi. Huyu ni mtu wa kufunga vidonda kila siku ya kazi. Niliamini atasimama kabla yangu. Alichokonoa nyama kwa uma, akasema vidonda vya sukari huenda polepole, siku mbili tatu hazibadilishi kitu. Alisema akiangalia sahani. Alijua anasema uongo, na alijua kwamba najua, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyewahi kunieleza, nikimsuka, jinsi vidonda hivyo visivyotaka kucheleweshwa.

Halafu Mjane akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta mahali pa kutema mate. Akasema tusigombane, sisi ni marafiki, tuna utaratibu wetu: tupige kura. Anayetaka turudi leo ainue mkono. Nikainua wangu. Anayetaka tumalize safari ainue mkono. Mikono minne ikapanda juu ya mifupa ya nyama, mmoja wao bado umeshika paja la kuku. Keki aliniambia pole. Alisema kama mtu aliyenishinda kwenye karata.

"Umeshatuharibia chakula," Mwalimu akasema. "Sasa ukae."

"Wewe umeiba mguu wa mtu," nikamwambia, "ukauleta huku kuogeshea mwili wako."

Sikungoja jibu. Nilikwenda jikoni nikaomba dumu tupu la mafuta ya kupikia, nikaliosha, nikalikinga kwenye bomba la chemchemi pale linapotoka ardhini, kabla maji hayajafika kwenye bwawa lao. Nikachukua begi langu nikatoka barabarani kutafuta gari la kurudi. Waliponiona napita na dumu, Nesi alicheka. Labda alicheka kwa aibu, sijui, na sikuwa na haja ya kumtafutia sababu.

Nilifika kwa Mwalimu jua likiwa bado liko juu. Geti halikufungwa. Mama alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, amekaa wima. Misuko yangu ilikuwa bado safi kichwani. Mguu mzima ulikuwa na kiatu, na ule mbovu ulikuwa umevishwa soksi pana ya kiume. Begi dogo lilikuwa miguuni pake, juu yake taulo lililokunjwa. Aliponiona alijaribu kusimama, akashindwa, akacheka kidogo kujiombea radhi.

"Wenzio wako garini?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu, nimemletea maji. Nikapiga magoti nikamvua soksi.

Nilisema kwamba nimezoea vichwa vya watu. Hiki hakikuwa kichwa. Bandeji ilikuwa imegandamana na nyama, imegeuka rangi, na nilipoilainisha kwa maji ikaachia na kutoa mlio mdogo. Harufu ilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Niliinuka, nikatoka uani, nikatapika kwenye mfereji wa maji machafu, nikasukutua, nikarudi nikapiga magoti tena. Aliona yote hayo. Alianza kusema samahani, nikamwomba asiseme lile neno mbele yangu tena, tafadhali, na nilimwambia kwa ukali kuliko nilivyotaka. Kinyaa kile cha mwili nilikimaliza kwenye mfereji. Kile kingine sikuweza kukitapika.

Mguu hatukuuloweka. Hata mimi nisiye na elimu ya dawa niliona kwamba hapa pameshapita kulowekwa. Nilimpigia mwanawe simu, nikaita gari la kutupeleka hospitali, na wakati tunalingoja mama aliuliza kama maji bado yana moto. Nikamjibu yamepoa njiani. Akaomba nimmiminie kidogo kwenye kiganja. Alinusa, akasema kweli yananuka, akanawa uso kwa makini, masikio, shingo, kama mtu anayejiandaa kutoka.

Walimkata mguu chini ya goti. Daktari hakusema kwamba ni siku zile ndizo zilizomkata. Alisema huenda ungekatwa hata hivyo, na huenda usingekatwa. Mwanawe alirudi, akalia, akagombana na mkewe, wakapatana. Wale wengine walirudi na rangi nzuri. Walikuja saluni mmoja mmoja kusukwa, kama kawaida, na kila mmoja alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa namna yake: wewe una moyo, wewe ni mtu wa pekee, sisi wengine ni wadhaifu. Niliwasuka nikachukua hela zao. Niliwaambia mimi na safari zenu basi. Wakasema hasira zitanipoa.

Mwaka ulipozunguka, nilitaka kuwaambia watafute viti kwingine. Mama ndiye aliyenizuia. Alikuwa amezoea kuja kwangu kwa magongo yake, na aliposikia nataka kuwafungia mlango, aliniomba niwaache waje. Alitaka tu siku hiyo asukwe. Sikujua ana nini moyoni, na sikumuuliza.

Walikuja wote, na keki nyingine iliyokataliwa. Mama alikuwa kwenye kile kiti kinachozunguka, amewapa mgongo, kitambaa cha saluni kimemfunika mpaka chini, kichwa ameinamisha nisuke kisogoni, na nusu ya nywele zimemwagika usoni. Kwao alikuwa mteja tu. Mwalimu aliingia wa mwisho, kama desturi yake, akaketi, akatoa kitambaa cha kufutia macho mapema kabisa. Akasema mwaka huu asikatizwe, maana hajui kama ataweza kumaliza.

Akaanza. Alieleza jinsi alivyopokea habari akiwa mbali na nyumbani. Hakusema alikuwa bwawani. Alieleza kukatwa, nepi za wakubwa, magongo yanayogonga sakafu asubuhi na kumrusha moyo. Alieleza anavyomhudumia mama mkwe mwenye mguu mmoja bila kunung'unika. Sauti ikapanda, ikashuka. Keki akaanza kufuta machozi. Niliona mkono wa Nesi unaanza kujongea juu kabla hadithi haijaisha, na mikono yangu ikazivuta zile nywele kwa nguvu. Mama hakulalamika. Aliinua kidole kutoka chini ya kitambaa akanionyesha nikizungushe kiti.

Nikakizungusha, kama Mwalimu alivyokizungusha mwaka uliopita.

Mama akazisogeza nywele usoni. Mwalimu alibaki na kitambaa karibu na jicho, mdomo wazi kwenye neno alilokuwa analitamka. Mama akawasalimia mmoja mmoja, kama siku ile ya kwanza. Kisha akaniuliza mimi, si wao, kama hata mtu asiye wa kundi anaruhusiwa kusimulia mwaka wake. Nikamjibu anaruhusiwa.

"Sina ya kusimulia, mwenzangu amemaliza yote," akasema. "Na usukani siutaki. Chagueni mahali popote mnapopapenda. Ninaomba kitu kimoja tu: gari lianzie kwangu."

Nilidhani sasa watainama. Nilidhani mmoja wao atalia machozi ya kweli, au atainuka atoke nje. Wakatazamana, wale wanne, kama watu wanaotafuta utaratibu unasemaje. Halafu wakainua mikono, na mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mwalimu.

Wangu haukupanda. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kichwani mwa mama, na nilikuwa namsuka za safari.